Natafuta Gemu la Kaka

Mwanamke wa umri wangu akisema anatafuta gemu, watu wanajua anamtafutia mwanawe. Nikisema ni la kwangu, wanacheka. Fundi simu mmoja hapa Nachingwea aliniuliza mbele ya wateja wake, "Dada, na wewe unacheza magemu? Shemeji anajua?" Wakaangua kicheko. Nikamwambia shemeji yake nilishamwacha, na angekuwepo ningemwacha tena leo, sasa fungua hiyo kompyuta unionyeshe ulichonacho. Akanionyesha mpira. Akanionyesha magari. Akanionyesha la kupaka watu rangi za kucha. Jamani! Na nilikuwa nimemweleza vizuri kabisa: gemu la kizamani, picha zake za vidotovidoto kama maua ya kitambaa cha kufuma, kuna mtu mdogo ana upanga, kuna wachawi, kuna majoka, na dunia yake iko wazi. Unakwenda unakotaka. Hakuna anayekuambia anzia huku, ishia kule.

"Linaitwaje?" akaniuliza.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Sijui linaitwaje.

Lilikuwa la kaka yangu. Kaka alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Tangu tukiwa wadogo kule Nambambo, wenzake wakienda kuokota korosho yeye alikuwa anabaki kibarazani na mto chini ya magoti. Siku mifupa ikimkamata analia, mtu mzima na ndevu zake. Siku ikimwachia anajifanya hakuna kilichotokea. Shule aliiacha kwa sababu alilala hospitali zaidi ya alivyokaa darasani. Baiskeli hakuiweza. Jembe hakuliweza, na watu wa kwetu mtu asiyelima wanamhurumia kwa mdomo, macho yao yanasema mengine. Nilikuwa nawaona. Mpaka leo wapo ambao nikikutana nao naitikia salamu nusu.

Gemu lilikuja ndani ya memori kadi. Alikuwa amemtuma mtu amwekee nyimbo kwenye kibanda kimoja huko Ruangwa, kadi ikarudi na nyimbo, na gemu juu yake kama nyongeza. Yule wa kibanda alikuwa ameliandika "Upanga" basi, maana wale kila kitu wanakibatiza upya. Kaka akalifungua kwa kukosa la kufanya. Akawa halifungi tena.

Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha kaka kilikuwa kimeishia kwenye kumwamkia mwalimu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa msomaji wake. Nikitoka sokoni nakaa naye mkekani, yeye anatembeza, mimi nasoma.

"Huyu mzee anasemaje?"

"Anasema usipite msitu ule, una joka."

"Mwambie tunapita."

Na kweli tulikuwa tunapita. Mtu ambaye kwenda chooni tu kwake ilikuwa safari, alizunguka dunia ile akaijua njia kwa njia, mto gani unavukika na kijiji gani wana roho mbaya. Akifa huko anafufuka, anatukana kidogo, anaondoka tena. Siku moja nikamuuliza mbona hamwendei yule joka mkubwa akamuua, gemu liishe. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Likiisha niende wapi?" akasema.

Badala ya kulimaliza akajenga nyumba, kaskazini kabisa, kando ya ziwa. Akafuga mbuzi, mmoja akampa jina langu, kwa sababu ana kelele. Tulicheka siku ile mpaka mama akatuuliza tunacheka nini, tukashindwa kumweleza. Picha hakupenda kupigwa. Macho yake yalikuwa ya njano na alijua kwamba watu wanayatazama. Kwa hiyo ukiniuliza kaka yangu aliacha nini duniani, hakuacha shamba wala mtoto. Aliacha nyumba kando ya ziwa, na mtu mdogo amesimama mlangoni.

Alifariki wakati mabibo ya mikorosho yanaanguka. Siku yenyewe sitaisimulia, hata kwa dawa.

Mjomba alikuja siku hiyohiyo kutoka Likunja, upande wa Ruangwa, akaushika msiba wote. Kwetu mjomba ndiye mwenye sisi. Baba yupo, lakini neno la mjomba likishatoka limetoka. Na haki ya Mungu aliubeba ule msiba vizuri, sanda, kaburi, wageni, hakuna kilichopungua. Nguo za marehemu akaziweka zisubiri kugawanywa siku ya arobaini. Simu akaichukua yeye. Nilimwona akiitia mfuko wa koti, nikajisemea ataitunza, ni mjomba.

Siku ya arobaini, dua imekwisha, watu wanakula pilau, akaniita mbele ya wazee. Akaitoa simu imefungwa kwenye leso safi.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye ulikuwa unakaa naye. Chukua. Nimeisafisha. Fundi wa Ruangwa katoa nyimbo, katoa picha, katoa kila kitu, mpaka ile kadi. Nyimbo zikibaki zinalia huku, mwenzenu anaandikiwa dhambi kule. Nimemwekea Kurani tupu."

Wazee wakaitikia kwamba amefanya la maana. Mama akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema Mungu amlipe kheri.

Na mimi nilisema nini? Nilisema ahsante, mjomba. Ungekuwa wewe ungesema nini, wazee wamekaa na masinia mbele yao? Nikaenda nyuma ya nyumba nikaiwasha. Ilikuwa tupu kama imetoka dukani leo. Kurani ilikuwepo, na Kurani sina ugomvi nayo, mimi ni Mwislamu na wazazi wangu ni Waislamu. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu aliyeamua, bila kumuuliza mtu, kwamba kila alichokuwa nacho kaka yangu ni dhambi.

Ningeshasahau, labda. Lakini dereva mmoja wa bodaboda, mcheza magemu mzuri, aliniambia yapo yanayotunza safari yako huko mtandaoni. Ukilipakua tena kwenye simu ileile, unamkuta mtu wako pale ulipomwacha. Sikumwacha amalize sentensi. Kama ni hivyo, basi kaka bado yuko kando ya ziwa lake, na nikilipata gemu lenyewe, nitamkuta.

Nikaanza kutafuta. Wanasema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Aliyesema hivyo hakuwa na simu ya kuazima chaji kwa jirani. Nilikuwa naandika maneno yote niliyoyajua: zamani, upanga, joka, dunia wazi. Yalikuja magemu kama nzige. Moja picha zake nzuri mno, majani yanatikisika, simu ikapata moto nikadhani inaungua. Jingine lilikuwa la vidotovidoto kweli, nikajua nimelipata, kumbe kila hatua mbili linakusimamisha ulione tangazo la sabuni. Jingine linajisifu kwamba unakwenda popote, ukifika kwenye kilima unagonga kitu kisichoonekana, huwezi kupita, na kilima unakiona kabisa. Hilo lilinitia hasira kuliko yote. Kaka angelitupa kisimani.

Lingine lilikuwa na mito, vijiji, mchawi mwenye kofia, na lilikuwa zuri, sitasema uongo. Nililicheza wiki nzima. Lakini halikuwa na ziwa. Nikalifuta nikiwa nalia sokoni, juu ya marobota ya mitumba, mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole, akaniuliza gauni bei gani.

Mwisho nikasema basi, nakwenda kulekule lilikotolewa. Ulikuwa msimu wa ufuta. Nilimkuta mjomba Likunja, uwanja wake umejaa matita yaliyosimamishwa yakauke, na yeye amekaa anayalinda yasiliwe na kuku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema? Mama yako hajambo?"

Nikamwambia kwema, ila namtaka yule fundi aliyeisafisha simu. Hakuniuliza kwa nini. Akanielekeza hadi rangi ya mlango.

Fundi alikuwepo palepale Ruangwa, kwenye mlango uleule. Nikamtajia neno "Upanga", akakuna kichwa, akawasha kompyuta kuukuu, akapekua. Akaniingizia kwenye simu ya kaka. Nikalifungua, na kabla picha haijatokea nikausikia ule wimbo wake wa mwanzo, nikakaa kwenye benchi la wateja. Ndilo. Jamani, lilikuwa ndilo! Likanipa maneno mawili, kuendelea na kuanza. La kuanza lilikuwa linawaka. La kuendelea lilikuwa limefifia, nikilibonyeza halibonyezeki.

"Hili halitunzi kitu mtandaoni," fundi akaniambia. "Ni la zamani. Safari yako inakaa humuhumu ndani ya simu. Ikitoka imetoka."

"Hakuna namna?"

"Hakuna, dada."

Ningeweza kupanda gari nirudi Nachingwea. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mimi nilirudi Likunja, jua kali, nina kiu, na nia yangu ilikuwa moja tu, mjomba akione alichokifuta. Watu wanasema hasira hasara. Nilikuwa nimeshapata hasara yote, hasira ilikuwa imebaki peke yake.

Nikakaa mbele yake bila kukaribishwa, nikamshikisha simu. Nikamweleza yote. Nyumba, mbuzi, ziwa, mimi nasoma yeye anatembeza. Nilimwambia kwamba kaka alikuwa anatembea mule, mjomba, mtu ambaye nyinyi mlimwona amelala tu maisha yake yote, mule alikuwa anatembea, na wewe ukamlipa fundi amtoe. Sauti yangu ilikuwa juu. Mke wa mjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi, akarudi ndani.

Mjomba akaitazama simu. Kuku wakaingia kwenye ufuta, hakuwafukuza.

"Nilimwona," akasema.

"Ulimwona nani?"

"Huyo mtu wako. Fundi alinionyesha. Akaniambia mzee, hili ni gemu tu, halina dhambi, tuliache? Nikatazama. Kuna nyumba, kuna maji, kuna vimbuzi. Kasimama mlangoni. Nikasema huyu kakaa pazuri."

"Ukamfuta."

"Nikamfuta. Nikasema kusafisha ni kusafisha, nisije nikaacha kitu kikamuumiza mtoto wangu huko." Akajifuta uso kwa kiganja, wote, kuanzia paji hadi kidevu. "Angeniambia mtu kwamba ni yeye. Hamkuniambia."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba alimzika mara mbili. Nikamwangalia yule mzee na suruali yake ya viraka, ambaye alimpenda kaka kuliko alivyompenda mtu yeyote, na ambaye peke yake katika ukoo wetu, zaidi yangu, aliwahi kuiona ile nyumba. Hasira haikuisha. Haijaisha hata leo ninapoandika. Ila ilikosa pa kushikia.

"Lianzishe," akaniambia, akinirudishia simu. "Na mimi nione."

Nikabonyeza lile neno linalowaka. Mtu mdogo akatokea katikati ya majani, hana upanga, hana nyumba, hana mbuzi. Pembeni pakafunguka nafasi ya kuandika jina lake.

Mjomba akainama karibu. "Andika la kaka yako."

"Marehemu hachezi, mjomba," nikamwambia, nikaandika langu.