Mfuko Uliokwenda Upande

Fundi cherehani wetu tulimwita Mama Rula, kwa sababu hakuamini kwamba kitu kimenyooka mpaka akipime. Mjini humu alikuwa mgeni kama sisi sote tuliokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Kila mhamiaji alileta nguo ya alikotoka, akasimulia habari yake, kisha Mama Rula akaishona kwenye pazia moja kubwa.

Mwashi mmoja alihudhuria kwa miezi bila kusimulia lolote. Jumamosi moja alileta shati lake kuukuu, akaliweka mezani, akaenda kuchukua chai. Mama Rula aliliona: mfuko wa kifuani umekwenda upande, mishono mirefu kwa mifupi. Akamhurumia. Mwashi aliporudi, mfuko ulikuwa umeshafumuliwa na kupigwa pasi, unangoja cherehani.

"Shemeji," mwashi alisema polepole, "huo aliushona binti yangu, nilipokuwa nafunga safari. Nimemwacha kwa bibi yake. Leo nilitaka kusimulia habari zake."

Akaanza kulikunja shati.

"Niachie kidogo, shemeji," Mama Rula alisema.

Alilipeleka shati dirishani, akaliinua kwenye mwanga. Pasi haikuyafuta matundu ya sindano. Uzi nao, wa buluu, aliokuwa ameufumua bila kuukata, ulikuwa katika mfuko wa aproni yake, maana hakuwa mtu wa kutupa uzi.

Akaisogeza cherehani kando, akashika sindano ya mkono. Tundu kwa tundu, aliufuata mkono wa mtoto. Vidole vyake vilitaka kunyoosha, akavikataza.

"Leo Mama Rula anashona kama mlevi," msusi mmoja alitania.

"Wewe suka vichwa vya watu. Kazi ngumu hivi sijawahi kuishika."

Kwenye pembe alisita. "Shemeji, hapa matundu yamerundikana. Alifanyaje?"

Mwashi alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Alizungusha uzi mpaka ukaisha. Alisema picha yake aliyonitilia humo isije ikadondoka njiani."

"Picha gani?"

Mwashi alitoa picha kwenye pochi, akaiweka mezani. Msusi akazima redio.

"Huyu hapa. Meno ya mbele hana, lakini maneno anayo," mwashi alianza, na sote tukasogea.

Mama Rula aliendelea kuuzungusha uzi pale kwenye pembe ya mfuko, mpaka ukaisha.