Mashine Iliyolala Chumbani

Mpwa wangu ni mchomeleaji vyuma, na ufundi wote kaupata kwangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha chuma ni kipi. Mtaani wanamwita Bwana Gesi. Zamani alichomelea kwa vijiti kama wenzake: kijiti kinayeyuka, ganda linafunika mshono, unaligonga kwa nyundo, kwisha. Kisha akapata mashine ya waya na mtungi wa gesi, yenye mshono laini usio na ganda la kugonga. Tangu hapo vijiti akaviita vya mababu.

Mashine ile akaiogopea wezi. Akailaza chumbani, kabati la nguo la mkewe akalisukumia ukumbini. Mke hakugombana. Nguo zilikuwa tayari karibu na mlango. Alizifungasha, akaenda zake kwa mamaye.

Mpwa wangu alipomfuata huko, mama mkwe akampa sharti moja. Tangi lake la maji juu ya paa lilikuwa limevunjika mguu: aliunge, na akishindwa asije tena kuulizia mke. Mguu ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, fremu chini yake ya chuma cha kawaida. Ndoa ya namna hiyo haikubali waya wowote tu. Mpwa wangu alikuwa na kijiti cha kuwapatanisha hao wawili, na waya wa kazi hiyo hiyo pia. Akabeba mashine na waya, maana ukweni huendi na vya mababu. Mimi nilishika ngazi, kazi nzito kuliko zote.

Juu ya paa, upepo. Kijiti kikiungua hutoa moshi wa kujikinga chenyewe. Mshono wa waya hukingwa na gesi ya mtungi, na gesi hiyo upepo huipeperusha kabla haijafika. Mshono ukatoka na matundu kama sifongo. Akausaga, akarudia. Sifongo tena. Chini, mama mkwe akauliza kama leo tunaunga au tunasaga tu.

Ndipo mkewe akapanda na blanketi zito, akalikinga upande wa upepo, mwanga ule kaupa mgongo. Kisha akalishusha kidogo.

“Hiyo mashine italala wapi?”

“Ukumbini.”

Blanketi likashuka zaidi.

“Basi nje, mke wangu.”

“Ikiibwa utanililia mimi. Sema pa maana.”

Mpwa akainua kinyago, akanitazama pale ngazini.

“Kwa mjomba.”

Blanketi likapanda, na mshono ukatoka laini kama kucha. Mama mkwe akajaza tangi mpaka juu, akaupiga mguu teke, akamwambia bintiye akachukue begi.

Angekwenda na vijiti vya mababu angemaliza peke yake, bila kuulizwa swali, na kitandani angerudi kulala na mtungi. Kwa hiyo msiidharau mitambo ya kisasa. Ya kwake naitunza vizuri chumbani kwangu. Mimi nipo kwenye kochi. Mke wangu juzi nimemkuta anakunja nguo.