Maziwa ya Mhuni

Habari za msiba nilizipata jana kwa simu kutoka Kahama. "Yule Mhuni wetu hatunaye tena," alisema mwenzangu tuliyesoma naye, na wala hakuwa na nia mbaya. Miaka ile ya sabini shule nzima ilimwita hivyo, walimu kwa wanafunzi. Nikamuuliza jina lake hasa, akafikiri, akakiri kwamba halikumbuki. Nimehuzunika, na wasomaji wangu mtaniwia radhi leo nikiiacha siasa ipumzike.

Chanzo kilikuwa kidogo tu. Mpira wa shule ulipotea, mwalimu wa zamu akamsimamisha mbele ya mstari na kututangazia kwamba huyu ni mhuni, tujihadhari naye. Baadaye mpira ulikutwa juu ya dari ya stoo, lakini hakuna aliyelifuta neno lile. Jembe likipotea, ni Mhuni. Kuku wa mwalimu asipoonekana, ni Mhuni. Na jamani, alikuwa mcheshi huyu! Mluzi wake tulipokuwa tukipalilia pamba ya shule nausikia hadi leo.

Bibi yake aliyemlea hakujua Kiswahili, Kisukuma tu. Aliwasikia watoto wakimwita mjukuu wake Mhuni, akadhani ndilo jina la shule, kama wengine walivyopewa Petro au Yohana walipobatizwa. Siku moja akaja na kibuyu cha maziwa mgando, akasimama mlangoni mwa darasa na kusema ameleta maziwa ya Mhuni. "Ng'wana wane," akamwita, yaani mwanangu. Tulicheka hadi machozi. Mwenzetu alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akashukuru, hakumsahihisha. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Hata bibi ananiita hivyo. Basi ndivyo nilivyo." Muhula uleule akaanza kuiba kweli, tena bila furaha, kama mtu anayetimiza wajibu. Hakumaliza darasa la saba. Alikimbilia machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu.

Nilimkuta tena Katoro miaka ya themanini, fundi seremala mwenye familia, nusu ya mtaa ikimwamkia shikamoo. Tulikuwa tunakula ugali kwake, mama jirani akaingia amemkamata mkono mtoto wa rafiki yangu: kavunja kioo cha dirisha. "Huyu ni mhuni tu," akasema. Rafiki yangu akanawa mikono, akasimama.

"Mama, amevunja kioo. Nitakuwekea kingine, naye atanisaidia. Sema alichofanya, nakuomba. Alivyo usimwambie, ataamini."

Mama wa watu akamwachia mtoto, akaketi.

Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naongeza: na umwitavyo. Sisemi watoto wasionywe. Nami nililelewa kwa fimbo. Ila kosa lina mwisho wake, na neno kama lile mtoto hulala nalo na kuamka nalo. Akiiba, mwambieni ameiba, na adhabu aipate. Kisha mwiteni kwa jina lake, aje ale.