Mama Mlezi wa Kata Isiyo na Mimba

Ilitangazwa kwa wote wanaohusika, na hata kwa wasiohusika, kwamba kata hii ya Machame haina mimba ya utotoni hata moja. Tangazo lilitolewa mwezi wa kumi na Afisa Mtendaji wa Kata, Bwana Mathew, mbele ya wageni kutoka wilayani, chini ya turubai la kukodi. Likarudiwa na mwenyekiti wa kamati, kisha na mchungaji, na mwisho na kwaya, kwa sauti nne. Huku Machame, jambo likishaimbwa kwa sauti nne halina rufaa.

Elisifa alikuwa amekaa safu ya pili, amevaa fulana ya kamati juu ya gauni la kanisani. Mgongoni iliandikwa MLINDE BINTI. Yeye ndiye aliyekuwa Mama Mlezi wa kamati, cheo alichopewa kwa sababu ana sauti ya kusikika na haogopi mbwa. Alikuwa amepita kila nyumba na migomba yake, kihamba kwa kihamba, akiwakalisha mabinti wa watu jikoni na kuwaeleza mambo ambayo mama zao waliona aibu kuyataja. Alieleza vizuri. Akina mama wenyewe walikuwa wakisogea mlangoni kusikiliza, huku wakijifanya wanachambua maharage.

Nyumbani kwake, nyuma tu ya migomba iliyolipa kisogo turubai lile, mjukuu wake Doris alikuwa ndani, ananyonyesha.

Ilivyotokea haina maajabu. Kamati ilipoundwa ilikaa kutafuta chanzo cha tatizo. Ikafunga banda la video. Ikakataza bodaboda kuwabeba wanafunzi. Hatimaye, baada ya chai, ikagundua majani. Ng'ombe wa huku juu hachungwi. Anakaa bandani, na chakula humfuata. Majani mazuri yako chini tambarare, kwenye mashamba ya mahindi, na wanaoyafuata ni mabinti, wakitoka shule, na panga na kamba, wakirudi giza limeingia na mzigo kichwani. Nani anajua wanakutana na nani huko? Ikaazimiwa kuwa binti asiteremke tena kukata majani, na wajumbe waonyeshe mfano.

Elisifa akawa wa kwanza. Alimpata kijana wa pikipiki, Sylvanus, mtoto wa mzee Yoramu, mpole, mwimbaji wa kwaya ya vijana, akawa anamletea majani mpaka bandani. Kwa kuwa mchana Elisifa alikuwa kwenye vikao vya kamati, Doris ndiye aliyeyapokea.

Majani yalikuwa mengi na mabichi. Ng'ombe hakuwahi kutoa maziwa kama msimu ule.

"Mama Mlezi, huyo ng'ombe wako unampa nini?" aliulizwa asubuhi moja kwenye kituo cha maziwa. Muulizaji alikuwa Eunike, jirani yake na mweka hazina wa kamati.

"Majani."

"Majani tu? Mbona wangu anakula majani na hana shukrani?"

"Mpeleke semina," akadakia mama mmoja kwenye foleni, na watu wakacheka.

"Semina ameshahudhuria, posho kachukua," alisema Eunike. "Nitumie na mimi huyo kijana wako."

"Atakuja," alisema Elisifa.

Akaja. Baada ya muda si mrefu karibu wajumbe wote walikuwa wakiletewa majani nyumbani, na Bwana Mathew akautaja utaratibu huo kwenye kikao cha wilaya kama ubunifu wa jamii.

Mwezi wa kwanza Doris aliacha kunywa maziwa. Alisema yananuka. Elisifa alikuwa ameshawaeleza mabinti wa kata nzima dalili hiyo, tena kwa mifano. Akamkalisha jikoni, kwenye kigoda kilekile.

"Wa nani?"

"Bibi, nisamehe."

"Nimeuliza wa nani."

"Ni huyo anayeleta majani."

Elisifa alisubiri hasira ije. Ilichelewa, na ng'ombe alikuwa analia, kwa hiyo akaenda kukamua. Alipomaliza, hasira ilikuwa bado haijafika. Haikufika kabisa. Kilichokuja kilikuwa kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa hii ilianzia kifuani na haikuwa na haraka ya kuondoka.

Wiki hiyo hiyo Sylvanus alisikika yuko Mirerani, migodini. Aliyekuja ni baba yake. Yoramu alisimama uani, kofia mkononi, na kwa mkono wa pili ameshika jani la isale. Jani hilo, likiletwa na aliyekukosea, hulipokei kwa sababu umesamehe. Unalipokea kwa sababu halikataliwi. Tangu enzi za babu zao, anayelikataa ndiye anayebaki na kosa.

"Shemeji, nimekuja na jani."

"Naliona."

"Mtoto atakuwa wetu sote. Huyu kijana akirudi na chochote, atamchukua mwenzake, waanze maisha."

"Maisha gani, Yoramu? Ana miaka kumi na sita. Atasoma."

"Na polisi?"

Elisifa aliliangalia jani. Kwenye kila semina alikuwa amesema kwa sauti yake ya kusikika kwamba mambo haya hayamalizwi nyumbani. Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Aika," alisema Yoramu, kwa shukrani ya mtu aliyeteremshiwa mzigo, akavaa kofia yake.

Jioni Elisifa alilichomeka kwenye kona ya kihamba. Likashika.

Basi likabaki jambo moja tu: Doris asome. Mengine yote yalikuwa yamekwisha kuharibika bila kumuuliza. Alikwenda kwa Mwalimu Esther, mkuu wa shule ya sekondari ya kata, mwanamke mfupi anayeongea kama anayesahihisha.

"Serikali inaruhusu mzazi arudi darasani, hilo nalijua kuliko wewe," alisema Mwalimu Esther. "Lakini arudi mtu anayejulikana alikuwa wapi. Kwangu Doris akikosekana ni mtoro, na mtoro mwaka ukiisha namfuta. Nikisema mimi kwamba ni mzazi, Mtendaji ataniuliza nimempata wapi mzazi kwenye kata yake. Sema wewe, mbele yake na mbele ya watu. Nitamshikia nafasi."

"Nikisema, kata itakuwa na mmoja."

"Ndiyo. Itakuwa na mmoja."

Elisifa akaondoka na hilo. Mimba ilipoanza kuonekana alimpeleka Doris mjini, mtaa wa Soweto, kwa mama yake mdogo, na huko ndiko alikojifungua mtoto wa kike mwenye mapafu mazima. Kisha akamrudisha nyumbani akae ndani miezi mitatu kama desturi inavyotaka, akila mtori wa ndizi na supu ya mbuzi, asiguse jembe wala ndoo. Mzazi wa huku akila vibaya, lawama ni za bibi. Majirani walijua, kama majirani wanavyojua, yaani bila kusema.

Ndiyo maana siku ile chini ya turubai, kwaya ilipomaliza na mshereheshaji akauliza kama kuna mwenye neno la nyongeza, swali ambalo huulizwa kwa sababu halijibiwi, Elisifa alisimama.

"Mheshimiwa Mtendaji, hesabu ina kasoro. Yupo mmoja. Ni mjukuu wangu, Doris."

Eunike, aliyekuwa kiti cha pili, alimvuta gauni.

"Kaa chini, mama wewe," alinong'ona. "Unatuharibia sote."

Bwana Mathew hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wageni.

"Mama Mlezi, tunakushukuru kwa uwazi. Huyo binti ana mimba?"

"Alikuwa nayo."

"Nauliza leo hii."

"Leo ana mtoto."

"Alijifungulia wapi?"

"Mjini. Soweto."

Mtendaji aliwageukia wageni na uso wa mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu kabla ya mwalimu. "Kwa hiyo, ndugu wageni, katika kata hii mimba haipo. Aliyejifungulia mjini anahesabiwa na mjini. Mama yetu huyu ni mkweli hata kwa yasiyotuhusu. Tumpigieni makofi."

Wakampigia. Mchungaji alipiga taratibu, akiangalia viatu vyake. Wajumbe wa kamati walipiga kwa nguvu kuliko wote, na Eunike kuliko wajumbe wote. Kisha Elisifa akaitwa mbele kukabidhiwa zawadi ya mlezi bora, chupa nyekundu ya chai. Alidhani atasikia aibu, au pengine ahueni. Alichosikia ni kwamba chupa ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana.

Soda zilipoanza kugawiwa, Mwalimu Esther alimfuata penye migomba.

"Nimesikia."

"Ulisikia na jibu?"

"Jibu si lako. Nilikwambia useme mbele ya watu, umesema. Mlete Januari."

"Aje kama nani?"

"Kama mgonjwa aliyepona."

"Na mtoto?"

"Mapumziko ni saa nne. Mlete mpaka getini, mama yake atatoka kumnyonyesha. Ndani siwezi. Kata haina watoto wa namna hiyo."

Elisifa hakungoja soda. Mtori ulikuwa umeachwa jikoni, na mtori ukipoa unataka kuanzwa upya.

Januari Doris alirudi shule, sare ikimbana kifuani. Saa tatu na nusu Elisifa alimfunga mtoto mgongoni, akatia uji wake mwenyewe kwenye chupa nyekundu na kushika njia. Alipita kwa Yoramu. Ua wa isale wa mzee yule, uliosifiwa zamani kwa kusongamana, ulikuwa na mapengo upande wa barabarani, kana kwamba mtu alikata jani zaidi ya moja.

Nje ya geti mlinzi alikuwa ameweka benchi, ubao juu ya matofali. Bibi watatu walikuwa wamekwisha kaa, kila mmoja na mtoto. Wote walikuwa wajumbe. Mmoja alikuwa amevaa fulana ya kamati, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na baridi. Wa mwisho, mwenye mtoto wa kiume aliyefunikwa kanga mpya, alikuwa Eunike.

Eunike akasogea.

"Keti hapa," alisema. "Mlinzi ameahidi Jumatatu ataongeza ubao mwingine."