Friji Mbili za Uduvi

Shemeji yangu Nikodemu hajui kumaliza chai akiwa amekaa. Anaipokea kwenye kiti, anapiga mafunda mawili, halafu utamwona na kikombe mlangoni, kisha uani, na mwisho mimi ndiye ninayekwenda kukiokota juu ya ukuta kikiwa kimejaa sisimizi. Nilipohamia kwao hapa Katubuka, baada ya mume wangu kufariki, nilidhani ananikimbia mimi. Mdogo wangu Agnesi, ambaye ndiye mkewe, akacheka. "Dada, huyo anakimbia kiti," akaniambia.

Kwao ni Mwamgongo, kijiji ambako mtoto anaogelea kabla meno hayajatimia. Alikuja mjini akiwa kijana, akapata kazi ya kuzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wenye mistari ambao watu wa ng'ambo huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Kwa miaka mingi alishuka kwenye miamba ya ziwa na mpira wa hewa mdomoni. Alikuwa akisema huko chini ndiko mahali pekee ambapo mwili wake unatulia. Mimi niliona ni maneno ya mtu asiyetaka kukata kuni.

Mwaka jana alishuka akiwa na mafua, jambo ambalo mzamiaji hafanyi, na sikio la kushoto likapasuka. Daktari alimwambia wazi, Agnesi akiwepo, kwamba la kushoto limekwisha na la kulia lina kovu. Akizama tena, asije akamlaumu mtu. Agnesi alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya kusubiri hadi majirani wakachoka kuuliza. Hakumwomba mumewe mengi. "Mtoto wetu akilia, nataka tumsikie wote wawili," alimwambia. Nikodemu akajibu, "Ego," ndiyo ya Kiha, na tukaamini yamekwisha.

Tajiri wake, Erasto, alimtafutia kazi ya nchi kavu. Ziwa letu lina uduvi. Ni wadogo kama punje ya mchele, nao ni waangavu kama kioo, kiasi kwamba unaona chakula kikiteremka tumboni. Wanakaa chini ya mawe, penye maji ya magoti. Ukigeuza jiwe wanaruka kinyumenyume wote kwa pamoja. Mimi nimekulia Ujiji na nilikuwa nadhani ni uchafu wa maji. Kumbe kuna watu mbali huko wanawataka wakiwa hai. Erasto alisema Nikodemu akiweza kuwazalisha nyumbani, hatahitaji kuzama tena maisha yake yote.

Basi zikaletwa friji mbili mbovu, zikalazwa chali uani, zimegusana ubavu kwa ubavu. Nikodemu akazijaza mawe yenye utelezi wa kijani na maji ya ziwa, aliyoyabeba kwa madumu juu ya bodaboda. Erasto alituonya jambo moja: uduvi ni ndugu wa wadudu, kinachoua mbu kinawaua na wao. Kuanzia siku hiyo Nikodemu akawa askari. Sikuruhusiwa kuwasha dawa ya mbu hata barazani, na jirani aliyekuja na kopo la kupulizia alirudishwa getini. Nimeumwa na mbu mpaka nikazoea, na naomba ijulikane.

Uduvi wakazaa. Majike walianza kutembea na mayai chini ya tumbo, na Agnesi alikuwa anakaa kwenye kigoda pembeni, na tumbo lake, akiwatazama na kucheka peke yake. Sijamwona mdogo wangu na furaha ya namna ile tangu utoto wetu.

Lakini mwenyewe Nikodemu hakutulia. Alizunguka zile friji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alihamisha mawe yasiyo na tatizo. Alikwenda Gungu, akarudi, na ukimuuliza alikwenda kufanya nini, hajui. Akikaa, goti linamtetemeka mpaka meza inatikisika. Siku moja nilimkuta amepiga magoti, uso wote ndani ya maji ya friji, macho wazi. Nilimshika ukosi nikamvuta. "Natazama tu, shemeji," akasema.

Ndipo Agnesi aliporudi kutoka kliniki na chandarua kipya, kile wanachopewa wajawazito, chenye dawa. Ukikifungua unakianika kivulini kwanza, harufu ipungue. Akakitundika kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba.

Asubuhi tulikikuta kimefunika friji zote mbili, pembe zake zimezama majini. Uduvi walikuwa wamelala chini, weupe kama waliochemshwa. Hakubaki hata mmoja.

Agnesi aliketi ardhini. "Upepo," alisema. "Ningekianika ndani. Nimewaua mimi." Nikodemu akamshika bega, akamwambia si kosa lake, Mungu atatoa kingine. Nilimletea Nikodemu chai ili nimtulize. Akaipokea, akainywa taratibu, akaimaliza akiwa amekaa. Goti halikutikisika hata kidogo.

Nikaenda kukiondoa kile chandarua. Huku kwetu chandarua kinafanya kila kazi, kinafunika miche, kinaanikiwa dagaa, kinazuia vifaranga. Ukikiona juu ya kitu chochote huulizi. Lakini nilipokivuta kilikuwa kizito. Kila pembe ilikuwa na jiwe, na kila jiwe limefungwa kwa fundo lile ambalo wazamiaji hufungia nyavu zao.

Nilimfuata Nikodemu akiwa anatafuta miwani yake ya kuzamia. Nilisema naye upande wa kushoto, kisha nikakumbuka, nikahamia kulia. "Shemeji, upepo wa siku hizi unajua kufunga fundo?"

Hakukana. "Mnanifuga kama wale uduvi," akasema. "Nchi kavu inanimaliza, shemeji. Mzamiaji wa Erasto anaumwa, nimemwambia tajiri nimepona. Mara moja tu."

Nilikuwa na jiwe mkononi, na Mungu anajua nilitaka kulitumia. "Mwambie mkeo," nikasema.

"Nitamwambia nikirudi."

Sikusubiri. Nilimkuta Agnesi chumbani anakunja nguo za mtoto, nikammwagia yote. Hakuacha kukunja.

"Najua, dada. Nilimwona usiku kupitia dirishani, akifunga yale mawe."

"Sasa kwa nini ulisema ni upepo?"

"Nilikuwa nampa nafasi aseme mwenyewe." Akachukua nguo nyingine. "Mume nimfunge kamba? Si mbuzi."

Methali ya sikio la kufa ilinijia mdomoni. Nikaimeza, kwa sababu safari hii ingemchoma asiye na kosa.

Nikodemu alikwenda. Ile mara moja ilitosha. Alirudi nyumbani amekaa katikati ya watu wawili kwenye bajaji, nami nikapiga kelele za hasira kuanzia getini hadi ndani, na nilipokuwa katikati ya maneno nikagundua ananitazama mdomo.

Binti yao alizaliwa mvua zilipoanza. Agnesi anashona nguo sokoni, kwa hiyo mchana mtoto anabaki na baba yake. Mtoto akilala, baba hakai. Anazunguka uani, anarudi ndani, anaweka kiganja kifuani kwa mtoto, anatoka, hajafika ukutani anarudi tena. Nilidhani ni ule ugonjwa wake wa zamani wa miguu, na juzi uvumilivu ulinishinda. Nikamwonyesha kwa mikono: mwache mtoto alale, kaa chini.

Akanijibu kwa ile sauti kubwa aliyonayo siku hizi.

"Nisipomgusa, shemeji, nitajuaje kama analia?"