Mafiga ya Shangazi

Wanapochemsha lami ya barabara hapa mbele ya duka langu, wateja huziba pua. Mimi huvuta harufu hiyo.

Ndiyo harufu ya mashua ya shangazi, kwenye mwalo, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, karibu na Nyashimo. Yeye na mumewe waliziba nyufa za mbao kwa pamba ya shamba letu na lami ya moto, kisha akatangaza kwamba wanahamia humo moja kwa moja. Watavua, watakausha samaki, watauza kila mwalo watakaofika.

"Dada, binadamu haishi majini," baba alimwambia. "Utarudi lini?"

Shangazi aliingia jikoni kwake akang'oa mafiga yote matatu. Kwetu mtu akisafiri mafiga hubaki. Akiyang'oa, amehama.

Shangazi alibeba mawili, la tatu akanipa mimi. Lilikuwa bado na joto, nikalikumbatia tumboni mpaka majini. Aliyapanga ndani ya sanduku la udongo katikati ya mashua, akaketi kando yake kwa raha, kama mtu aliyemaliza kujenga.

Adhuhuri mimi na baba tulikuwa bado tumesimama ufukweni. Mashua ilikuwa imebaki ndogo kama mbegu ya pamba. Kisha moshi mwembamba ukapanda juu ya maji.

"Anapika," baba alisema, akavua kofia, kama alivyozoea kufanya anapoingia nyumbani kwa mtu.