Jina la Cucu wa Riruta

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi nilipoanza kuogopa kwamba jina linaweza kumuua mtu. Nyumbani kwetu Kinoo hofu hiyo ilikuwepo tu, ingawa Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kusikia habari za mizimu.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, ndiyo maana mimi ni Wangari. Wa pili huchukua jina la mama yake mama, na hapo ndipo Baba alipogoma. Cucu Nyambura, nyanya yetu wa Riruta, hakuwahi kuolewa, na alisomesha watoto wake kwa kuuza pombe haramu ya chang'aa mpaka akafungwa jela. Mdogo wangu alipozaliwa, Baba akamwita Neema, basi. Mama akanyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kule, na sijui kama hasira hiyo imeniisha.

Wiki ya tatu Neema akaanza kutapika. Alinyonya kwa pupa, kisha maziwa yote yakaruka. Zahanati walisema ni gesi. Kufikia wiki ya tano ngozi yake ilikuwa imelegea kama ya mzee. Cucu Wangari, mama yake Baba, akaweka kikombe chake chini.

"Huyo mtoto anaenda. Mmeruka mtu."

"Mama, wacha hizo stori. Sisi tumeokoka."

"Hata mimi nimeokoka. Lakini mmeruka mtu."

Asubuhi hiyo hiyo Baba alikuwa akinisikiliza nikikariri ukoo wa Yesu, sura ya kwanza ya Mathayo, kwa shindano la shule ya Jumapili. Watoto wengine walipewa zaburi fupi. Mimi, binti wa mzee, nikatwishwa majina zaidi ya arobaini ya watu waliokufa zamani. Neema alikuwa chumbani na Mama, analia kilio chembamba. Nikapita Tamari. Nikafika kwa Rahabu, nikasimama.

"Endelea."

"Baba, Rahabu si ni yule malaya wa Yeriko?"

"Ni yeye. Endelea."

"Na hawakumruka?"

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa nataka dada yangu asife, hayo tu. Baba akainua mkono, nami nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua alikuwa amegeukia mlango wa chumbani, kwa sababu kilio kilikuwa kimekatika.

Jirani alitukimbiza hospitali kwa pikapu yake. Njia nzima Mama alimpuliza mtoto usoni, "Amka, mami, amka," na hata mara moja hakumwita Neema. Kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa karani akauliza jina. Mama alifungua mdomo, Baba akamtangulia.

"Nyambura. Andika Nyambura."

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Njia ya chakula kutoka tumboni ilikuwa imebana, daktari akasema, na wakaifungua. Kesho yake Cucu wa Riruta akaja, akakaa mwisho wa benchi, mbali na Baba. Nesi akachungulia kutoka wodini, akaita, "Nyambura!" Cucu akasimama upesi, mikono kando, kama alivyozoeshwa jela.

"Si wewe, Mami," Mama akamwambia. "Ni mtoto."

Cucu hakuketi. Alimtazama Baba, naye Baba akainamisha kichwa.

Cucu Wangari aliapa mpaka mwisho kwamba jina ndilo lililomponya. Mimi namshukuru daktari. Ila siku hizi nikiisoma sura ile, ambayo wengi huiruka waingie kwenye hadithi, naona familia iliyokataa kuwaficha nyanya zake. Sisi tulihitaji mtoto afike mlangoni pa kaburi kwanza. Angezaliwa mzima, Cucu wa Riruta angekufa akiwa ameachwa nje, na sote tungeenda kanisani Jumapili tukiwa tumetulia kabisa.